Noelene na Jezi ya Kwanza ya Mwanawe

Saa kumi alfajiri, jiko la kambi ya wakata manyoya ya kondoo, nje kidogo ya mji wa Hay, Australia, limekwishapamba moto. Noelene Pascoe, mwenye miaka 51, anakanda unga, jicho moja likiwa kwenye nyama iliyomo ndani ya oveni.

Wanaume kumi na wawili wanamtegemea. "Mkata manyoya akiwa na njaa, kondoo ndiye anayeumia," anasema.

Leo Ijumaa anapika mpaka chakula cha jioni, kwani jioni anatakiwa Melbourne, mwendo wa saa tano kwa gari.

Mwaka jana klabu moja ya huko ya kandanda ya Kiaustralia ilimchagua mwanawe, Gus, sasa miaka kumi na tisa, katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji vijana. Noelene, aliyemlea peke yake kwa ujira wa jikoni, alimsihi avumilie.

"Nilimwambia, mwanangu, mkate hauumuki kwa kuchunguliwa. Wenzako hungoja hata misimu miwili."

Kumbe klabu imeamua kuwapa chipukizi nafasi mapema katika timu ya wakubwa. Na ipo desturi: kijana akipangwa mara ya kwanza, kocha humpigia simu mama yake wachezaji wote wakisikia. Siku ya mechi, mzazi ndiye humkabidhi jezi.

Juzi simu ya jikoni ikalia.

"Mama Gus? Mimi kocha wake. Ijumaa mwanao anacheza."

Noelene hakuamini hata chembe. Wiki nzima Dazza, mkata manyoya mwenye utani kuliko wote, alikuwa akimpigia kwa sauti za kuigiza, leo daktari wa mifugo, kesho waziri.

"Dazza, mjinga we! Rudi kwa kondoo wako, la sivyo leo utakula sufu!"

Akakata. Simu ikalia tena. Safari hii alisikia kicheko cha timu nzima, kisha sauti moja ya chini.

"Mama, ni mimi. Usikate."

"Niliketi juu ya gunia la viazi," anasema, akijipangusa macho kwa mkono wenye unga.

Furaha ikaja na hofu yake. Mpishi akiacha jiko kazi ikiwa imepamba moto, huenda akarudi akamkuta mwingine.

Kumepambazuka. Dazza anaingia, anamkuta bado anafunika masufuria.

"Mpishi, bado upo tu?"

"Nani atawapashia chakula?"

"Mimi."

"Wewe! Wewe hata maji unaunguza!"

"Basi tutakula mkate na jamu. Tajiri akipiga simu, nitaigiza sauti yako. Nenda, mama, mtoto anangoja!"

Noelene anavua aproni, anachukua ufunguo wa pikapu.

"Wakimchezesha dakika tano, nitashukuru. Wiki ijayo wakimrudisha timu ya akiba, atangoja tena. Alipokuwa mdogo, nikimletea jezi tu, alikuwa anainua mikono juu bila kuambiwa. Nataka nione kama bado anainua."