Njia ya Kwenda Chemchemini

Kiarabu ndicho kilichomtoka mama mwanzo. Alikuwa amekizungumza Maskati zaidi ya miaka arubaini, sokoni, hospitalini na kwa majirani, kisha maradhi ya kusahau yakaanza kukifuta. Kufika mwaka wa pili alikuwa amebaki na Kiswahili chake tu, Kiswahili cha shamba la Unguja alikozaliwa. Mimi nilikuwa bado nafanya kazi wizarani, hapa hapa mtaani kwetu Al Khuwair, na kaka yangu ana nyumba na watoto wake mtaa wa Qurum. Tukakubaliana tutafute mtu wa kushinda na mama.

Aliyekuja alikuwa mwanamke wa Kiindonesia, umri wa miaka arubaini hivi, mtu wa kisiwa cha Lombok. Alituambia tumwite Mbak, yaani dada kwa lugha yao. Alikuja na Kiarabu kidogo, cha jikoni, na kwa mama hakikumfaa kitu. Basi akajifunza Kiswahili, na mwalimu wake alikuwa mama peke yake. Baada ya mwaka alikuwa anasema "nnakuja" na "nshakwambia", na akitamka ghorofa au khabari koo lake lilifanya kazi sawasawa, zaidi kuliko la watoto wa kaka yangu. Wageni walicheka. Mama hakuona cha kuchekesha. Kwake yeye huyu alikuwa mtu wa kwao.

Kila asubuhi wakati wa chai Mbak alipiga simu ya video nyumbani, kwao ikiwa imeshafika adhuhuri. Simu aliiegemeza kwenye chupa ya chai ili na mama aone. Hivyo ndivyo tulivyokijua kitongoji chao: nyumba thelathini na kitu kwenye miguu ya mlima wa volkeno, mashamba ya mpunga yaliyokatwa ngazi ngazi, msikiti wenye paa la bati la kijani, na mama yake Mbak, bibi mfupi mwenye kilemba cha taulo, aliyeiweka simu karibu mno na uso wake. Mama alimsalimia kwa Kiswahili, yule akamjibu kwa Kisasak, lugha ya kwao Lombok, na walizungumza hivyo muda mrefu bila ya mmoja kumuuliza mwenziwe amesema nini.

Mama aliamini kitongoji hicho kiko karibu. Alitaka apelekwe. Ijumaa moja tukampeleka Yiti, kijiji cha pwani nje ya Maskati, tukidhani bahari na wavuvi vitamtuliza. Aliangalia ile milima mikavu, akawaangalia watu waliokuwa wanatengeneza nyavu, kisha akaniambia kwa upole kwamba dereva kapotea, kule tuendako ni kijani. Dereva nilikuwa mimi.

Halafu ikaja habari ya ua. Jirani mmoja kule kitongojini alinunua kipande cha ardhi kilichopakana na njia ya kwenda chemchemini, akapanda pilipili, na kwa kuwa watu na watoto walikuwa wanamkanyagia miche, akaiziba njia kwa ua wa mianzi. Ikawa mwenye kutaka maji azunguke kwa korongoni, kwenye mawe yenye utelezi. Mabomba yalikuwepo, lakini wakati wa kiangazi yalikauka, na chemchemi haikukauka. Mama yake Mbak aliteleza huko akaumia nyonga, akakaa wiki tatu ndani. Mbak alilia jikoni kwetu, na mama akataka kujua kwa nini.

Tangu siku hiyo mama hakuusahau ua. Alisahau kama amekula, alisahau kwamba baba ameshafariki, mara nyingine alinisahau mimi. Lakini asubuhi, kabla hajakaa vizuri kitini, aliuliza, "Yule bwana kaondoa ua?" Mbak akimjibu bado, alitikisa kichwa na kunywa chai yake kwa hasira.

Asubuhi moja aliweka kikombe chini akasema jambo ambalo mimi, niliyekuwa nimeshika funguo za gari nikitoka, nilisimama kulisikiliza.

"Pilipili yataka maji," alisema. "Mwambieni huyo bwana afungue njia, na kila apitaye na ndoo atammwagia kata moja. Yeye hatochota tena. Na watu hawatokanyaga, kwa sababu mtu hakanyagi alichokimwagia."

Mbak alimtafsiria mama yake pale pale kwenye simu. Yule bibi akalipeleka shauri kwa mkuu wa kitongoji, mkuu akalipeleka kwa jirani. Jirani akasema atafikiri. Wiki mbili zikapita. Kisha habari ikaja kwamba ua umetolewa, njia iko wazi, na watu wameanza kumwagia pilipili kama walivyoahidi. Mbak alimwambia mama kwa sauti kubwa, na mama akasema, "Mbona niliwambia." Alikuwa na furaha siku nyingi. Aliacha kuuliza. Nilimpigia kaka simu kumwambia kwamba mama yetu, ambaye hajui leo siku gani, amesuluhisha ugomvi Indonesia.

Mama alifariki mwaka uliofuata, kwa utulivu. Mbak alikaa nasi mpaka arubaini ikaisha, kisha akarudi kwao. Mimi nilistaafu, na mwaka wa pili baada ya msiba nikakata tiketi ya Lombok. Kaka alinambia mwanamke wa umri wangu haendi peke yake mahali asipojua mtu. Nikamjibu kwamba nawajua karibu wote, na wengine nawajua mpaka ng'ombe wao.

Mbak alinipokea uwanja wa ndege na gari la shemeji yake. Tukapanda mlima kwa muda wa saa mbili, barabara ikawa nyembamba, mipunga huku na huku, na nilipoliona lile paa la kijani nilijua tumefika kabla hajanambia. Kwenye simu kitongoji kilionekana kimya. Kwa kweli kina kelele: pikipiki, majogoo, maji yanayopita mferejini saa zote, spika mbili za msikiti zisizokwenda pamoja. Nyumba za zamani za nyasi zimebaki chache. Nyingi ni za saruji, na kila moja mbele yake ina kibanda cha nguzo nne kisicho na kuta, chenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa. Sisi tungeita baraza. Hapo ndipo wanapokula, wanapopokea wageni, wanapolala mchana na kugombana. Ng'ombe hawawekwi majumbani. Wote wako zizi moja, na wanaume hulinda kwa zamu kwa ajili ya wezi. Kila mwenye ng'ombe humfuata wake asubuhi na kumrudisha jioni.

Nilikaa siku kumi. Nilikula mchicha wa majini uliotiwa pilipili ya kutwanga mpaka machozi yakanitoka, na mama yake Mbak akaniongezea. Watu walikuja kunitazama. Walijua kwamba mimi ni mtoto wa bibi wa ua. Walinionyesha njia, mita mia hivi kati ya miche, na wanawake waliopita na ndoo walichota kata wakamwaga bila hata kusimama, kama mtu anayetoa salamu.

Siku ya nne mwenye pilipili alikuja barazani. Mtu mzima, mwembamba, kofia mkononi. Alikunywa kahawa, kisha akazungumza, Mbak akitafsiri. Alisema kuna jambo linamkera na mama yangu hayupo tena, kwa hiyo ataniambia mimi. Ua hakuutoa kwa sababu ya shauri. Lile shauri alilikataa moyoni siku ile ile. Ila alfajiri moja alikuta ng'ombe kaupasua akapita. Akaurekebisha. Ukapasuliwa tena, na mara ya tatu. Mianzi ikamchosha, akaung'oa wote. Watu wakadhani amekubali, wakaanza kummwagia, na yeye akanyamaza. Amenyamaza na anamwagiliwa maji mpaka leo.

Nilikuwa nimeibeba hadithi ile kwa fahari miaka yote, nimeisimulia mazishini. Nilimwambia kwamba mama yangu angependa kujua pilipili imestawi, na hilo lilikuwa kweli. Akainama, akavaa kofia, akaondoka akitembea mwepesi kuliko alivyokuja.

Nilimgeukia Mbak, na nikaona kwamba hakushangaa hata kidogo.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Dada," alisema, "ng'ombe hapasui ua mara tatu mahala pale pale. Ng'ombe alikuwa wetu. Mama yangu ndiye aliyekuwa akimpitisha."

Yule bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa baraza, anachambua mchele. Nyonga ilikuwa bado inamuuma, alitembea kwa fimbo, na alikuwa amekwenda zizini gizani mara tatu kwa fimbo hiyo. Nilimwomba Mbak amuulize kwa nini, ikiwa shauri la mama alikuwa ameshalifikisha mwenyewe kwa mkuu. Bibi alijibu bila kuacha mchele wake, na Mbak akacheka mpaka akashindwa kutafsiri.

"Anasema shauri la mama yako lilikuwa zuri sana. Lilitaka kusaidiwa kidogo tu."

Nilicheka na mimi, kisha nikamwangalia yule bibi vizuri, kwa mara ya kwanza bila ya simu katikati. Nilikuwa nimemfikiria miaka yote kama uso wa upande wa pili wa mazungumzo ya mama. Kumbe walikuwa wawili kazini. Sikuona kwamba mama amepungukiwa kitu. Aliyoyasema pale mezani yalikuwa sahihi, na watu wanaishi kwayo. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kwenda kumfungua ng'ombe, na huyo alikuwepo.

Siku ya mwisho walinitia shambani kupandikiza mpunga, sarawili nimekunja mpaka magotini. Mstari wangu ulikwenda upande, wanawake wakautazama, wakauacha ulivyo. Niliporudi Maskati kaka alinialika chakula cha Ijumaa, akaniuliza kama mahali penyewe pazuri. Nikamwambia pana kelele, mtu hapati usingizi baada ya alfajiri, chakula kinaunguza, na choo ni cha kuchuchumaa. Akasema basi nimekoma. Nikamwambia nakwenda tena wakati wa mavuno, na safari hii na yeye anakwenda, akanunue viatu vya matope.