Kimya Alichotuachia Mtunzi wa Mombasa

Ipo siku moja ya mvua nisiyoisahau, mwanangu, siku ambayo wimbo wa mwisho wa albamu yetu ulibaki kidogo tu ufutwe. Nyinyi mnaotumiana nyimbo kwa simu kabla chai haijapoa, nisikilizeni taratibu. Mimi sina kasi hiyo.

Bendi yetu ya Garsen ilikuwa ya magitaa na ngoma za Kipokomo. Mimi nilipiga gitaa. Guyo, kijana wa Kiorma aliyezoea kuita ng'ombe hadi ng'ambo ya mto, ndiye aliyeimba. Aliyetupangia muziki alikuwa mtunzi wa Mombasa ambaye wakati huo hatukuwa tumemwona. Tulijirekodi kwenye kanda, tukampa dereva wa basi. Mtunzi akaongeza kinanda na fidla, akairudisha kwa basi lilelile. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, nasi mkono wetu wa pili ulikuwa mbali. Mafuriko yalipokata barabara, kanda ya wimbo wa mwisho ilikaa huko hadi tukakata tamaa.

Ilipofika hatimaye, tuliisikiliza kijijini Kulesa kwa nyanya yangu, Habona, naye akipepeta mpunga barazani. Fidla ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Lakini kila Guyo alipomaliza mstari, muziki wote ulinyamaza. Kimya kitupu, kisha wimbo ukaendelea.

Guyo alikasirika. "Huyu mtu ametuchoka," akaniambia. "Hata kumaliza kazi hataki. Komora, futa hiyo kanda, tutaimba upya wenyewe."

Nami nilikuwa nimechoka kungoja. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe, na nakala nyingine hatukuwa nayo.

Wimbo ukafika tena penye kimya. Nyanya, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, akaitikia. Aliimba mstari wake, akanyamaza palepale fidla iliporudi. Nikaondoa kidole kwenye kitufe.

"Mbona mwataka kufuta?" akauliza. "Mtu amewaachia nafasi muitikie, nyinyi mwanuna."

Akatukumbusha wanawake wanavyoamia mpunga, wakifukuza ndege kwa nyimbo, mmoja ng'ambo hii, mwenziwe ng'ambo ile. Ukishaimba mstari wako unanyamaza, kwa maana sauti lazima ivuke mto ndipo jibu lije. "Usiponyamaza," akasema, "utajuaje kama mwenzio yupo?"

Guyo aliinama, akacheka kidogo kwa aibu. Tukatafuta redio mbili, moja ikipiga na nyingine ikirekodi, nyanya akaitikia wimbo mzima. Barabara ilipofunguka tukaipeleka kanda.

Siku albamu ilipotoka nilikutana na mtunzi. Hakunisifia gitaa langu, na iliniuma, usicheke. Alimuulizia mama aliyeitikia. "Nilisikia wimbo unaita," akasema. "Wa kuitika sikumjua, nikaacha nafasi."

Basi mwanangu, mwenzio wa mbali akinyamaza, usikimbilie kusema amekutupa. Hasira hasara. Ngoja sauti ivuke, na ukiwa na shaka muulize, kwani kuuliza si ujinga. Na wewe ukiimba, usijaze wimbo wote peke yako.

Nyanya Habona tulimzika zamani, nami bado namlilia. Lakini kanda ikifika penye kimya kile, anaitika. Mungu akujalie watu wa kukuitikia, mwanangu, na akupe moyo wa kuwangoja.