Mawe Arobaini na Matatu ya Mgongo

Ukimwona Balagizi kazini kule Jeffersontown, pembeni ya Louisville huko Amerika, katika ghala la maboksi, utadhani ni mzee wa kawaida tu aliyechoka mgongo. Huwezi kujua kwamba mtu huyu akipewa jiwe analilamba. Ndiyo, analilamba! Analishika, anapitisha ulimi mara moja, kisha analigeuzia kwenye mwanga. Wenzake walipomwona mara ya kwanza, saa ya mapumziko, nyuma ya ghala ambako tingatinga lilikuwa limechimba msingi, walicheka mpaka wakashika mbavu. Mke wake Nshombo alishaacha kucheka zamani. "Papa Séphora," husema, "siku moja utalamba sumu, nami nitawaambia nini watu wa kanisa?"

Yeye hujibu kwamba jiwe likilowa ndipo chembe zake zinaonekana, na kwamba hivyo ndivyo alivyofundishwa na Inginia Salvatori. Akishalitaja jina hilo, basi tena. Vueni viatu, mkae, maana atawapeleka Itombwe.

Mwaka wa tisini alikuwa na miaka ishirini na mitatu na njaa isiyoisha. Salvatori alikuwa mpima miamba, ametumwa na ofisi moja ya serikali kuchora ramani ya mawe katika milima ya Itombwe, huko Kivu ya Kusini, mahali ambapo barabara inaisha na wewe unaendelea kwa miguu siku nne. Walikaa porini miezi minane. Asubuhi baridi inakung'ata masikio, pumzi inatoka mdomoni kama moshi, maharage yamelala kwenye makaa yanakungoja, chai inaunguza midomo kwenye kikombe cha bati. Jioni watu wanaanika soksi kando ya moto na kudanganyana habari za wachumba. Mpaka leo, lori likifika ghalani na turubai lililolowa mvua, Balagizi husimama, anavuta ile harufu ya hema, na msimamizi humwuliza kama anaumwa. Haumwi. Anakumbuka tu, na kukumbuka kwenyewe kunauma.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Salvatori anagonga mwamba kwa nyundo, anavunja kipande, anakilamba, anakitazama kwa lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia alichokuwa akikivaa shingoni. Kisha anasema alichokiona. Mshika daftari anaandika, halafu lazima arudie kwa sauti: "Namba tisa, nyeusi, nzito. Nimeandika, Inginia." Kipande kinatiwa katika mfuko wa kitambaa wenye namba yake. Na chini ya kila ukurasa kulikuwa na mistari miwili: Aliyeona, jina. Aliyebeba, jina. Salvatori hakukubali ukurasa ufungwe bila majina hayo mawili. Alisema anayebeba naye ni mtu wa kazi hiyo, si punda.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Mwezi wa kwanza walipanda kilima ambacho kwenye ramani hakikuwa na jina, wao wakakiita Mgongo. Salvatori alivunja huko mawe arobaini na matatu, na macho yakamtoka kwa furaha. Alisema amekutana na mwamba ambao hakuna aliyewahi kuuandika katika milima ile. Akabaki juu na wengine, akawatuma Balagizi na mwenzake Silvano washushe mawe kambini, mwendo wa siku mbili, kamba ya mzigo kwenye paji la uso. Mvua ikanyesha tangu asubuhi. Njia ikawa utelezi mtupu. Siku ya pili Silvano akaketi chini, akasema, "Balagizi, hebu nieleze. Hapa tumebeba nini? Mawe. Na kule kambini kuna nini? Si mawe hayohayo?"

Ole wao! Walicheka, wakamwaga mawe yote korongoni, wakabaki na mifuko mitupu yenye namba, wakatelemka wanaimba. Walipofika kijito cha chini ya kambi wakaijaza upya, tena kwa uangalifu. Walifungua kila mfuko, wakasoma alama ya rangi iliyoandikwa pembeni, wakatia jiwe jeusi badala ya jeusi na jeupe badala ya jeupe. Kisha daftari liliposhushwa kutoka juu wakatia sahihi kwenye kurasa, Aliyebeba, roho zao safi kabisa. Kwa mtu ambaye hajafundishwa, jiwe ni jiwe. Nani angewalaumu?

Shida ni kwamba Balagizi alikuja kufundishwa. Mshika daftari aliugua, akarudishwa mjini, na Salvatori akamchagua yeye kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri. Kwa miezi saba alijifunza kulamba, kutazama, kutofautisha. Alijua kwa nini jiwe la huku haliwezi kuwa la kule. Na kadiri alivyojua, ndivyo alivyoelewa alichokimwaga korongoni.

Majibu ya maabara yalifika mwisho wa msimu. Daftari linasema hivi, mifuko inasema vingine. Wakubwa wa ofisi wakamwita Salvatori mbele ya watu, wakamwambia aliandika vitu vya kubuni akiwa amejilaza hemani. Akavuliwa kazi ya porini, akapelekwa kufundisha shule ya sekondari. Siku ya kuagana alimshika Balagizi bega, akasema, "Bon. Macho yangu yalinidanganya, kijana wangu. Weye usiyaamini yako kupita kiasi." Balagizi alikuwa na neno mdomoni. Akalimeza. Aliogopa kukosa mshahara, basi, hakuna sababu kubwa kuliko hiyo.

Halafu vita. Silvano alifia katika kambi ya wakimbizi Burundi, siri ikabaki na mtu mmoja. Balagizi akazungushwa na dunia mpaka akatua Louisville, akapata ghala, akapata maboksi. Miaka thelathini na mitano ikapita.

Mwezi wa tano mwaka huu simu ikalia. Ni Goreth, binti wa Salvatori, amepata namba yake kwenye kundi la waimbaji wa kanisa. Wanaishi Cheektowaga, karibu na Buffalo. "Papa anakutafuta miaka yote," alisema. "Sukari imemla macho. Daktari anasema iko imebaki wiki chache tu, giza kabisa. Moyo nao si mzuri. Kama unataka akuone, kuja sasa." Kisha mzee mwenyewe akachukua simu, akapaza sauti, "Balagizi! Ni wewe peke yako ambaye mzigo wake sikuwahi kuukagua!"

Mzee wa watu alijua kuchoma bila kujua. Balagizi aliweka simu mezani, akaenda bafuni, akafungua maji ili mkewe asisikie.

Jumamosi waliondoka, Séphora akiendesha. Binti huyu ana miaka ishirini na minne, anatunza wazee kwenye nyumba ya kulelea, na babake akimsemesha Kiswahili yeye humjibu kwa Kiingereza, wanaelewana hivyohivyo. Kila barabara ilipokata kilima, Balagizi alimwomba apunguze mwendo atazame matabaka ya mwamba. "Dad, kuna magari nyuma!" Binti alilalamika, lakini alipunguza.

Walipofika Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, walikula kwa Bulonza, dada mkubwa wa Balagizi. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga. Ukikataa sahani ya pili unanuniwa mpaka Krismasi. Hapo mezani ndipo Balagizi alipotoa siri kwa mara ya kwanza maishani, Séphora akisikiliza na kijiko kimeganda mkononi. Alisema anakwenda kumwambia mzee.

"We mwana wa mama yangu, una kichaa?" Bulonza alimaka. "Mutu ni mugonjwa wa moyo! Anakupenda. Donc, yaani unaenda kumuua na habari ya mawe?"

"Yaya, dada yangu, nikinyamaza atakufa akidhani macho yake ndiyo yalikosea."

"Na ukisema, atakufa akikuchukia. Umefikiria hiyo?"

Alikuwa amefikiria. Hakuna kitu kingine alichofikiria kutoka Louisville. Katika dunia nzima mtu mmoja tu alimjua kama fundi wa kitu fulani. Hapa Amerika wengine wote wanamjua kama mikono ya kunyanyulia maboksi. Mtu huyo mmoja ndiye Balagizi aliyekuwa anakwenda kumpoteza. Ndani ya gari, walipofika Cleveland, Séphora, ajabu, akasema kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "Papa, mimi ningetaka kujua."

Wakafika Cheektowaga jua bado liko juu. Salvatori alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, amepungua, koti la sufi mabegani ingawa ni joto. Akanyanyua uso. "Njoo kwenye mwanga nikuone, kijana wangu." Kijana wa miaka hamsini na minane! Balagizi akapiga goti mbele yake, mzee akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama kwa kile kidogo kilichobaki. Wote wawili wakalia bila haya.

Balagizi alikuwa amemletea jiwe, lile la kwenye shimo la tingatinga nyuma ya ghala. Salvatori akalipima kiganjani, akalilamba, akalipapasa kwa kidole gumba polepole. "Chokaa," akasema. "Na hivi vitundu ni matumbawe. Hapo unapofanyia kazi palikuwa bahari, Balagizi. Bahari ya joto." Akatabasamu, kisha tabasamu likazimika. "Lakini usiniamini. Unakumbuka Mgongo. Niliona mawe ambayo hayakuwapo."

"Yalikuwapo, Inginia."

"Maabara ilisema..."

"Maabara ilipata mawe ya kijito. Tuliyamwaga. Mimi na Silvano, siku ya pili, kwenye mvua. Tukajaza mengine chini ya kambi. Macho yako hayakukosea hata mara moja. Mimi ndiye niliyekosea, nikanyamaza, nikakuacha uaibishwe."

Goreth, aliyekuwa anakuja na chai, akasimama mlangoni. Salvatori hakutikisika. Séphora, kwa mazoea ya kazi yake, akaanza kumtazama mzee kifua kama kinapanda na kushuka.

"Namba kumi na mbili," Salvatori akasema mwishowe. "Nyeusi, nzito, vidoa vyekundu kama mbegu za mtama. Mlitia nini?"

"Jeusi lisilo na vidoa. La kando ya daraja la miti."

"Namba ishirini na sita. Ya kijani, inang'aa ikivunjwa."

"Ya kijani hatukuipata. Tulitia la kijivu lenye kuvu ya kijani."

"Kuvu!" Mzee akapiga mkono wa kiti. "Walinisomea mbele ya watu: Inginia ameita kuvu madini! Walicheka, Balagizi! Miaka thelathini na mitano! Nimesimama darasani nikawaambia watoto wa watu wasiamini macho yao. Mke wangu amekufa akinihurumia. Akinihurumia!" Machozi yalimtiririka, na mtu asingeweza kusema ni ya hasira au ya nini. "Nilikuwa naona. Mungu wangu, kumbe nilikuwa naona."

Balagizi alibaki amepiga goti. Hakuomba hata msamaha. Aliona aibu kuongeza maneno.

"Goreth," mzee akasema, "leta daftari na kalamu. Mpe huyu."

Lile daftari la zamani lilikuwa limeungua na nyumba yao wakati wa vita. Lakini Salvatori alifumba macho, akaanza kutoka namba moja. Rangi, uzito, chembe, upande mwamba ulikolalia. Balagizi aliandika kwenye daftari la shule la mtoto wa Goreth, na alipomaliza ya kwanza alikumbuka kinachofuata. Akarudia kwa sauti, kama zamani, "Namba moja, kijivu, imelalia mashariki. Nimeandika, Inginia."

"Endelea."

Waliendelea mpaka jua likaanza kushuka. Chai ikapoa, ikaletwa nyingine. Mara nyingine mzee alikwama na Balagizi akamkumbusha, maana mifuko ile aliisoma mmoja mmoja pale kijitoni, na alama zake hazikumtoka kamwe. Mara nyingine walikatiza kazi wakabishana ni nani aliyeunguza maharage siku ya mvua ya mawe, na kwa dakika hiyo walikuwa huko juu, soksi zikikauka motoni, hakuna aliyetupa kitu, hakuna aliyezeeka. Kisha namba nyingine.

Ilipofika arobaini na tatu, Salvatori akapumua. "Piga mistari miwili chini. Andika. Aliyeona."

"Salvatori. Nimeandika, Inginia."

"Aliyebeba."

Balagizi alimtazama mzee, lakini yale macho hayakuwa yakimtazama yeye tena, yalikuwa yameelekea dirishani kwenye mwanga.

"Andika, kijana wangu. Daftari langu halikuwahi kuandikwa uongo, na wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri."

Akaandika. Séphora aliinama juu ya bega la babake, akasoma taratibu, kwa Kiswahili, neno kwa neno: "Aliyebeba, Balagizi. Aliyatupa njiani. Ameyafikisha leo."

Salvatori akanyoosha mkono apewe kalamu, na Goreth akamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi.