Simu za Jumamosi, Mto Ukiwa Umetulia

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi, mshona nguo anasogeza kando sare ya shule aliyokuwa akiipinda, anaweka simu juu ya cherehani na kufumba macho. Mwanga wa dirishani umemlalia mabegani. Utadhani anasinzia, kumbe anawakumbuka watu wake mmoja mmoja kabla hajawapigia.

"Kinyozi, umeamkaje? Mgongo wa mama unaendeleaje?" Anasikiliza, anacheka, anakata simu. Anayefuata ni muuza mkaa. Habari za mto haulizi hata kidogo.

Watu hao thelathini na wawili wamejitolea kuokoa majirani mafuriko yakiingia mtaa wao wa bondeni. Yeye ni mratibu wao. Zamani aliwapigia pale tu maji yalipopanda. Mwaka juzi mto ulipofurika alipiga simu zote, wakaja sita.

"Kosa lilikuwa langu," anasema, akiokota uzi sakafuni. "Jina langu likitokea kwenye simu, mtu anajua ni balaa. Nani atapokea? Hata mimi nisingejipokelea."

Siku ile seremala, mmoja wa wale sita, aliendesha boti yao kwa kasia peke yake mpaka viganja vikachubuka. Mzee mmoja hawakumwahi. Tangu hapo seremala hapokei simu, na hakuna mwingine anayejua kuipitisha boti vichochoroni. Mvua zinatarajiwa baada ya wiki mbili.

"Simlaumu. Inaniuma tu," anasema mshona nguo kwa sauti ya chini. Kila Jumamosi humtumia ujumbe wa sauti. Leo anamwambia, "Kaka, kiti ulichonitengenezea hakijalegea hata mguu. Niliyelegea ni mimi. Siku njema."

Anarudi kwenye sare yake. Cherehani inaimba taratibu, na chumba kizima kinakuwa kama kimesahau saa.

Simu inatetemeka: ujumbe wa sauti. Anasikiliza, anarudia kusikiliza. Ni seremala.

"Dada, kiti hakiwezi kulegea, nilikitengeneza mimi. Hiyo boti mmeiweka wapi? Msije mkaiacha juani mbao zikaachana."

Mshona nguo anajifuta macho kwa pindo la sare ya mtoto wa watu. Anataka seremala awafundishe wenzake boti, wawili wawili, kabla ya mvua.

"Mto ukija tena, awepo mtu wa kumpokea kasia," anasema. "Ila hilo nitamwambia Jumatatu. Leo ni siku ya salamu."