Darubini ya Mnara wa Saa

Kwa miaka minne mizima niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba juu ya mnara wa saa pale Forodhani Wazungu wamefunga darubini inayomwona kila mtu mwenye karatasi ya sirkali. Haikuwa ikiona watu ovyo ovyo. Ilikuwa ikifuata ule muhuri mwekundu. Ukiwa na karatasi yenye muhuri, hata ujifiche pangoni Makunduchi na kuuziba mlango kwa majani, muhuri unawaka ndani ya kioo kama kaa la moto, na Mzungu aliyeketi huko juu anakuona mpaka unavyojikuna mgongo.

Mtanicheka, na mna haki. Lakini aliyenieleza hakuwa mlevi wa kilabuni. Alikuwa Karani Mkuu wetu, mzee wa Kingazija, kilemba chake kimenyooka kuliko mstari wowote niliowahi kuupiga kwa rula. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, miaka michache baada ya Waingereza kulipiga mizinga Kasri la Sultani. Mimi kijana wa Malindi, mtoto wa hamali, nimejifunza herufi za Kizungu kwenye skuli ya usiku, kwa Mgoa mmoja aliyefundisha zaidi kwa fimbo kuliko kwa chaki. Nilihitimu wa kwanza katika darasa la watu saba, watatu wao wakiwa wamelala. Nilikuja ofisini na koti la kuazima ambalo lingewatosha maharusi wawili na mashahidi wao.

Karani Mkuu akanisogeza dirishani. "Unauona mnara ule?"

"Naam."

"Basi fanya kazi vizuri. Wanakutazama." Kisha akanieleza habari ya darubini na muhuri, pole pole, uso wake mkavu kama mkate wa juzi, akarudi kwenye meza yake.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana leo hata wajukuu zangu hawaijui. Watumwa walikuwa wameruhusiwa kwenda mahakamani kuomba uhuru. Aliyeupata alipewa cheti, yaani karatasi ya kusema huyu si mali ya mtu. Lakini sheria ile ile ikasema aonyeshe pa kulala na kazi ya kumlisha. Akikosa, anaitwa mzururaji, na mzururaji makao yake jela. Hapo ndipo ofisi yetu ilipoingia. Tuliwatafutia kazi. Walikuja waliotoka mahakamani, walikuja walioshushwa kwenye vyombo vilivyokamatwa baharini, na baadaye wakaja waliorudi: wale waliovuka kwenda bara kutafuta kwao, wakakuta kwao hakuna mtu, wakageuza.

Kazi nyingi zilikuwa za mashamba ya karafuu, na mkataba wake tuliuita wa siku tatu. Mfanyakazi anamfanyia mwenye shamba siku tatu kwa wiki. Mwenye shamba naye anampa banda na kipande cha ardhi alime chake siku zilizobaki. Kwenye karatasi ulipendeza sana. Mimi mwenyewe niliuandika kwa mwandiko ambao, nikiri, malaika wangeuonea wivu.

Na kama mwenye shamba akivunja mkataba? Nilimuuliza swali hilo Bwana Mkubwa, Mzungu mrefu aliyekuwa akiinama kuingia kila mlango, hata mlango wa msikiti ungemgonga kichwa. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Mtu mwenye shida, kuja hapa kwa miguu yake. Sisi kusikiliza." Ila kutoka shambani siku ya kazi kulihitaji ruhusa, na ruhusa ilitolewa na mwenye shamba. Yaani uombe ruhusa kwa mtu ili ukamshitaki yeye. Aliyetoka bila ruhusa alikamatwa njiani, mzururaji. Nililiona tatizo hilo, msidhani sikuliona. Lakini mimi nilikuwa na darubini. Ya nini mtu ajitie hatarini kutembea mpaka mjini, na huku anaonekana bure?

Basi kila niliyemwandikisha nilimpa wasia wangu, kwa majivuno makubwa, kana kwamba darubini nimeifunga mimi. Nikamwambia asithubutu kutoka shambani kuja kulalamika. Akipata shida atoke mahali peupe, ainue karatasi yake juu, muhuri uonekane. Ataonwa.

Ndivyo nilivyomwambia Mrashi.

Alikuja asubuhi moja na kaka yake, Feruzi. Walitekwa pamoja huko upande wa Nyasa wangali watoto, wakauzwa pamoja, wakaachwa huru siku moja. Mrashi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, anayekutazama machoni mpaka wino unakukauka kalamuni. Feruzi alikuwa na kifua kibovu. Alikohoa tangu ngazini, tukamsikia kabla hatujamwona. Mrashi hakuuliza banda wala ardhi. Aliuliza jambo moja tu.

"Kaka yangu asipandishwe mikarafuu, wala asipewe magunia. Kazi ya kuanika anaiweza. Utaliandika hilo?"

Nikaliandika. Nililiandika kwa herufi kubwa: Feruzi, kazi ya kuanika tu. Nikapiga muhuri karatasi zote mbili, nikawapa wasia wangu wa darubini, nao wakasikiliza. Feruzi akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. Mrashi hakucheka. Aliniuliza, "Na wewe utakuwa ukija?" Nikamwambia nitakuja, mimi ndiye mkaguzi wa mashamba ya upande ule. Akaikunja karatasi yake, akaichomeka kwenye kanga.

Shamba lao lilikuwa juu ya Masingini. Ukaguzi niliufanya kwa punda wa sirkali, punda mweupe wa Kimaskati, mwenye maringo kuliko Bwana Mkubwa. Nadhani alikula vizuri kuliko mimi pia. Njia inapanda kutoka mjini, na ukikaribia juu unatokea mbele ya sakafu, ule uwanja wa kuanikia karafuu. Nikifika tu, msimamizi wa shamba anakuja kushika hatamu za punda, na haziachi mpaka niondoke. Mimi namuuliza yeye: watu wana shida? Yeye ananijibu: hawana. Naandika. Huo ndio ulikuwa ukaguzi, na nilifundishwa hivyo na walionitangulia.

Mwaka wa kwanza, nilipotokea juu, niliwakuta watu kama ishirini wamesimama mwisho wa sakafu, na kila mmoja ameinua karatasi. Mrashi na Feruzi walikuwa mbele. Nikageuza shingo kutazama nyuma, na kweli, mji wote ulikuwa chini mgongoni mwangu, na mnara wa saa unang'aa kwa jua. Nilijisikia vizuri ajabu. Nikajisemea, tazama watu hawa walivyoshika mafunzo yangu! Nikawapungia mkono. Msimamizi akacheka, akasema hao wamezoea kuota jua. Nikaandika: hawana shida.

Niliporudi mwaka wa pili walikuwa wachache zaidi, na Mrashi alikuwa peke yake mbele. Ameinua karatasi mbili, moja kila mkono. Nilimwuliza msimamizi Feruzi yuko wapi, akasema yuko kazini. Kazi gani, sikuuliza. Niliipenda sana bidii ya yule mwanamke, kuonyesha na ya kaka yake ili naye asisahauliwe huko mnarani. Nilimpungia mkono yeye peke yake. Aligeuza kichwa kutazama bandani nyuma yake, nikadhani jua linamuumiza macho. Punda alikuwa na kiu. Nikateremka.

Haukupita mwezi, karatasi ya Feruzi ikarejeshwa ofisini na mtu wa shamba, imeandikwa nyuma yake kwa Kiarabu: amefariki, kifua. Utaratibu ulikuwa kupiga mstari juu ya jina kwenye daftari. Nikapiga mstari. Karani Mkuu akasema Mungu amrehemu, nikaitika amin, tukaendelea na mwingine.

Mwisho wa mwaka ule Bwana Mkubwa aliniita chumbani kwake. Mbele yake lilikuwa daftari la malalamiko. Makarani wenzangu, wenye kukagua mashamba ya upande wa Mwera na Bumbwini, kurasa zao zilikuwa zimejaa: huyu kapigwa, huyu kanyang'anywa ardhi, huyu kafanyizwa siku sita badala ya tatu. Ukurasa wangu ulikuwa mweupe kama kanzu ya Idi.

"Karani," akasema, "mashamba yako kimya. Kimya ndiyo kazi nzuri."

Nikapandishwa cheo. Nikapewa koti langu mwenyewe, la vifungo vya shaba, na nikahamishiwa bandarini kuwaandikisha waliorudi kutoka bara. Sherehe niliyofanya Malindi, watu walikula biriani mpaka paka wa mtaa wakashindwa kutembea.

Huko bandarini ndiko nilikojua. Saa ya mnara ilisimama, nikatumwa kumpelekea fundi barua. Nilipanda ngazi zile, koti nimelifunga vifungo vyote, kwa kuwa nilikuwa nakwenda kuonana na yule mtu aliyekuwa akinitazama miaka minne. Nikakuta magurudumu ya shaba, mkebe wa mafuta, na kinyesi cha njiwa. Nikamwuliza fundi darubini iko wapi. Akaniuliza darubini gani.

Nilirudi kwa Karani Mkuu. Alicheka mpaka kilemba kile kikapinda kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nakutania, mwanangu," akasema. "Nani angedhani mtu aliyesoma ataamini?"

Nilicheka naye. Kesho yake ningeliweza kupanda punda, nikapita shamba kwa shamba, nikawaambia watu wateremshe mikono, waje mjini wakalalamike hata kama watakamatwa. Sikupanda. Ningemwambia nini Bwana Mkubwa, kwamba ukurasa wangu mweupe ulitokana na mzaha? Nilikuwa na cheo na vifungo vya shaba. Basi nikajitengenezea faraja, na nikaishi nayo miaka mingi: kwamba angalau na wao waliamini. Walikuwa maskini, walikuwa wanaonewa, lakini walilala wakijua kuna mtu anawatazama.

Kazi iliendelea. Waliorudi niliwaandikisha wengi kuliko mchanga wa Fumba. Tuliwatia kwenye matanuu ya kuchomea chokaa Chukwani, kwenye barabara, kwenye uhamali wa bandarini, na wengi tukawarudisha kwenye mashamba yale yale waliyokimbia, kwa mkataba ule ule, kwa mwandiko wangu ule ule wa malaika. Ilipokuja vita ya Mjerumani ofisi ilifungwa, nasi makarani tukahamishiwa kuandikisha wapagazi wa kwenda vitani. Wengi wao nilishawahi kuwaandikisha. Baada ya vita macho yangu yaliharibika, daktari akasema basi, nikastaafu. Walinipa cheti cha kunishukuru. Kina muhuri mwekundu.

Mstaafu hana kazi ila kutembea. Siku moja nilivuka daraja kwenda Ng'ambo kununua msala mpya, nikaelekezwa kwa bibi mmoja asukaye ukili wa mikeka vizuri kuliko wote. Nikapiga hodi. Alikuwa ameketi kibarazani, vidole havisimami, nywele nyeupe. Mimi sikumtambua. Yeye alinitambua.

"Karibu, Bwana Karani," akasema. "Punda yuko wapi?"

Alinitazama machoni, nikamjua kwa macho yale yale, nikaketi. Nilijua wakati umefika, na mimi jambo zito siwezi kulisema bila kulipamba, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwambia, "Bi. Mrashi, nimekuja kukuchekesha. Unaikumbuka ile darubini?" Nikamsimulia yote: Karani Mkuu na mzaha wake, magurudumu, njiwa, jinsi nilivyofunga vifungo kwenda kumwamkia mtu asiyekuwapo. Nikamwomba radhi kwa kuwafanya wauinulie karatasi mnara mtupu.

Hakucheka. Alimaliza mstari wa ukili, akaukaza kwa kidole gumba.

"Sisi hatukuamini hata siku moja," akasema. "Feruzi alikuwa akituchekesha kwa hiyo darubini yako mpaka tunalia."

"Sasa zile karatasi mlikuwa mkiinua kwa nani?"

"Kwako. Ulituambia tuinue tukiwa na shida, na wewe ndiye uliyekuja. Msimamizi ameshika punda, tungesemaje? Tukainua." Akauchukua ukili mwingine. "Kaka alikuwa kapandishwa mikarafuu, kaanguka. Siku ile ya karatasi mbili alikuwamo bandani, nyuma yangu tu hapo. Alikuwa yu hai, Bwana Karani."