Kabla Hujaipaka Rangi Pikapu

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mimi na marehemu mume wangu Damasi tumesimama uani kwa baba yangu kule Masaki, Kisarawe, tunazozana juu ya rangi ya pikapu mpaka kuku wametukimbia.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sikukuzaa, juzi uliniuliza kuhusu gari ulilolinunua mkononi kwa mtu. Ulipeleke kwa fundi wa bei poa pale Kwa Mathias, au ununue makopo ulipake mwenyewe? Mimi si fundi. Nilikuwa mwalimu hapa Soga, Kibaha, hadi nilipostaafu, na kitu pekee nilichowahi kupaka rangi kikapendeza ni ubao wa darasa. Lakini swali lako lilinipitia nikiwa na umri kama wako, basi nisikilize.

Damasi alikuwa ameachishwa kazi kiwandani. Kwa kiinua mgongo chake akanunua pikapu kuukuu, abebe mizigo ya wafanyabiashara. Injini ilikuwa nzima, ila bodi ilibanduka rangi kama ngozi ya mtu mwenye ukurutu. Wenye mizigo waliitazama tu, halafu wakaita ya jirani. Vijana wakaibatiza mkweche. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naye alijitembeza kutwa nzima, jioni anarudi, anakula huku ametazama ukuta. Alikuwa mcheshi yule bwana, mwanangu. Kicheko chake ndicho kilichonifanya nikubali posa. Sasa nyumbani aliyekuwa akicheka ni binti yetu Neema peke yake, mtoto mdogo bado, ambaye kila tulipopanda pikapu alisimama mbele ya miguu yangu, ameshika dashibodi, anaimba nyimbo za shule ya Jumapili.

Tulikubaliana kwamba gari lipakwe rangi. Nani alipake, hapo ndipo tulipogombana. Mimi nilimtaka fundi Shabani wa Kwa Mathias, ambaye watu walisema ukimpelekea asubuhi, jioni linatoka kama la dukani, na bei yake unaweza. Damasi hakutaka kusikia.

"Mikono ninayo," alisema. "Nitanunua kopo na brashi."

"Brashi! Kwani tunapaka mlango wa choo, Baba Neema?"

Neno lile lilimwingia vibaya, nikamwona. Ndipo likizo ya Juni ilipofika, tukaenda Masaki kumsalimu baba, na ugomvi wetu tukaubeba nyuma ya gari pamoja na mchele na sukari.

Baba alikuwa ndiyo kwanza anatoka shambani kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga, nywele zimekuwa za manjano. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akanawa, kisha akakaa anatusikiliza bila kutukatiza. Tulipomaliza, kila mmoja wetu alimwangalia kama mtu anayesubiri kupewa ushindi. Yeye akainuka, akafungua mlango wa pikapu.

"Mjukuu wangu huwa anakaa wapi humu?"

"Anasimama hapo mbele," nikamjibu.

Baba akalifunua zulia la mpira. Chini yake palikuwa na kutu tupu, nyekundu, imevimba kama mkate uliolowa. Akagonga kidogo kwa mpini wa panga. Mpini ukapita. Tukaona majani ya uani kwake.

Mwanangu, hebu fikiria. Neema alikuwa amesimama palepale njia nzima kutoka Kibaha, anaimba, na barabara inapita chini ya visigino vyake. Damasi alikaa chini kwenye vumbi, akashika kichwa.

"Mnagombania shati," baba alisema, "na mgonjwa mwenyewe hamjamuuliza anaumwa wapi. Mngepaka hii kwa brashi, au mngempa huyo fundi wenu, ingeng'aa vilevile. Na shimo lingekuwa palepale."

Kisha akamgeukia Damasi, sauti imelainika. "Mkwe, inuka. Hukujua. Kutojua si aibu. Ungejua halafu ukapaka juu yake, hapo ndipo tungeshindwa kutazamana."

Mimi aliniita pembeni, karibu na jiko. Baba hakuwa mtu wa kukaripia, lakini siku ile aliniangalia mpaka nikainamisha macho. "Wewe unadhani mumeo anabania pesa? Mtu aliyezoea kuamka na kwenda kazini, leo unamnyima hata msasa. Sasa unataka ashike nini?"

Sikuwa nimeliona hilo. Nilikaa naye nyumba moja, meza moja, nisilione.

Basi tukaanza. Tukang'oa viti na zulia, tukakwangua, tukapiga msasa mpaka vidole vikapoteza alama zake. Neema tulimkabidhi bibi yake. Sehemu zilizooza tulizikata, na fundi wa kuchomelea akatuwekea bati jipya. Na katika kusugua kule, kila mmoja upande wake wa gari, Damasi akaanza kuongea. Wakati mwingine maneno ya mwanamume hutoka vizuri pale mikono yake inapokuwa na shughuli na macho hayakutazami.

"Naogopa, Mama Neema," alisema kutoka upande wa pili. "Naogopa utachoka kunisubiri nisimame tena."

Nikazunguka gari. Nilichomjibu ni changu na chake. Ila jioni ile nilimsikia akimtania baba kuhusu nywele zake za salfa, akacheka kile kicheko, nami nikaingia ndani nikajifuta macho kwa kanga.

Kupaka pale hatukuweza, maana vumbi la salfa lilitanda uani kila upepo ulipovuma, na rangi mbichi hunasa kila kitu. Damasi mwenyewe ndiye aliyesema, "Twende kwa Shabani wako."

Shabani alipitisha kiganja kwenye bodi, akatabasamu. "Wengine wananiletea gari asubuhi wanalitaka jioni," alisema. "Nisugue saa ngapi? Napaka juu ya uchafu, halafu ikibanduka jina baya ni langu. Nyinyi mmeniachia kazi ninayoipenda."

Akalipiga rangi ya buluu. Damasi alimbembeleza amwachie mlango wa nyuma aupake kwa mkono wake. Ukatoka na michirizi kama machozi, na hakukubali kamwe urekebishwe. Wateja hawakumiminika, nisikudanganye. Walikuja mmoja mmoja, wakazoea. Pikapu ile ilimsomesha Neema mpaka akawa muuguzi.

Sasa nasaha yangu ni hii. Usiulize kwanza nani apake. Funua zulia. Lala chini ya gari utazame, gonga palipovimba, na ukikuta shimo usione haya kuliita shimo, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Kukwangua na kusugua fanya mwenyewe, na mkeo akiwepo msugue pamoja. Kupuliza rangi mwachie mwenye pampu na banda lisilo na vumbi, hata kama ni wa bei poa. Unafuu wa bei haumfanyi mtu kuwa fundi mbaya, ila haraka yako inaweza. Na ukimwona mwenzio anang'ang'ania kazi isiyomfaa, usimcheke kama nilivyocheka. Tazama kwanza kama hatafuti mahali pa kushika.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde barabarani wewe na utakaowabeba, ayafumbue macho yako uone ubovu mapema ungali na nafasi ya kuutengeneza, na akupe mtu wa kusugua naye upande wa pili. Amina.