Matundu ya Bafu la Bibi

Nakumbuka mlio mmoja mpaka leo. Ti, ukanyamaza. Ti, ukanyamaza tena. Ilikuwa mchana wa jua kali, mtaa wetu mzima wa Makorora umekauka, na ndani ya bafu letu maji yanadondoka kutoka darini juu ya mfuniko wa pipa, kama kwamba mvua imepanga chumba kwetu. Nilisimama mlangoni nikacheka. Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu, kila kitu nakicheka kwanza, maana yake naitafuta baadaye.

Nakuita mwanangu kwa kuwa mimi ni mama yako mdogo, ingawa mvi zangu bado hazijanipa kiti cha wazee. Lakini juzi umenitumia picha ya bafu lenu jipya la Mabawa, vigae vyeupe mpaka juu, nami nikafurahi nawe. Kisha nikaona kile kidirisha cha juu mmekiziba, umeandika chini yake, "Majirani wasituchungulie." Hapo moyo ukanishuka. Kaa basi nikusimulie. Shule yangu iliishia darasa la saba, ila somo hili nimelisoma kwa machozi.

Bibi aliyenilea, Bi Mwanahamisi, alifiwa na mumewe nikiwa na miaka kumi na tisa. Akakaa eda, miezi minne na siku kumi, mle chumbani mwake na bafu lililopakana nacho. Bafu lenyewe la kizamani. Kwenye ukuta wa nje, juu kabisa, babu alipanga safu ya matofali ya matundu, na nyuma yake kuna uchochoro wanaopita wanaume kwenda msikitini. Asubuhi moja bibi yuko ndani anaoga, kakohoa kidogo, nikasikia sauti ya mzee mmoja huko nje: "Bi Mwanahamisi, pole na msiba. Mungu akupe subira." Bibi na povu lake mwilini hakujua ajibu au anyamaze. Alipotoka akaniambia, "Mjukuu wangu, leo nimepewa pole nikiwa uchi." Tukacheka sisi wawili, mara ya kwanza tangu mazishi.

Yeye yakamwisha palepale. Mimi yalinikaa. Mjane wa eda, hata kikohozi chake cha bafuni kisikike uchochoroni? Nikaona nimsitiri. Mchana mmoja amelala, nikakoroga mchanga na saruji, nikapanda juu ya pipa, nikaziba tundu moja baada ya jingine. Baadaye nikapaka kuta rangi nyeupe ya mafuta, ile inayong'aa, zifanane na mabafu niliyokuwa nayaona kwenye simu na kuyaota. Bibi alipoingia akazungusha macho, akanyamaza kidogo, akasema, "Ahsante, mama." Ule ukimya mdogo sikuusikia.

Alikuwa anaoga maji ya moto yaliyochemshwa na mchaichai, asubuhi na jioni. Mvuke uliozoea kutokea matunduni sasa ukakosa njia. Kuta zikatoa jasho, dari ikadondosha, na haukupita mwezi pembeni kukaota vidoa vyeusi kama masizi. Nikavipaka rangi. Vikarudi, vikavuka mpaka ukuta wa chumbani, upande wa kitanda chake. Ikaanza harufu, ile ya nguo iliyosahaulika ndooni. Unajua nilifanya nini? Nikachoma udi. Chetezo asubuhi, chetezo jioni, na mlango nimefunga ili moshi ushike vizuri. Nyumba ikanukia kama ya harusi, na kifua cha bibi kikaanza kupiga filimbi. Tukasema ni majonzi. Kila aliyekuja kumjulia hali alisema hivyohivyo. Mjane akikohoa, nani ataushuku ukuta?

Mpaka alipokuja mdogo wake, Bi Riziki, kutoka Horohoro. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaingia bafuni kunawa. Alitoka na ncha ya kidole nyeusi, akaiinua mbele ya uso wangu.

"Nani kaziba matundu?"

"Mimi, bibi."

"Yalikukosea nini?"

"Stara, bibi. Wanaume wanapita uchochoroni."

"Shemeji yangu aliyaweka juu kuliko kichwa cha mwanaume yeyote wa Makorora. Wa kuchungulia aje na ngazi." Akakaa kitandani kwa dada yake, akaupapasa ukuta, akafuta mkono kwenye kanga. "Umemsitiri na watu, ukamfungia na maji. Hebu niambie, ulimuuliza?"

Bibi ndiye aliyejibu, kwa pumzi fupifupi. "Mwache, Riziki. Mtoto kafanya kwa mapenzi. Ningemwambia, angevunjika moyo."

"Ukaona bora kivunjike kifua chako," Bi Riziki akasema, na hakuwa anatania.

Hapo ndipo nilipojua kwamba bibi alikuwa anajua tangu siku ile ya kwanza.

Nilitwaa nyundo na tindo, nikayafungua matundu yote kabla ya magharibi. Bibi alikuwa anasita kwenda hospitali kwa ajili ya eda, mdogo wake akamwambia eda haimfungi mgonjwa, tukampeleka. Wakampa dawa, wakamwekea hewa. Daktari alisema kifua kilikuwa kibovu tangu zamani, miaka mingi ya moshi wa kuni, na unyevu umekichokoza. Hakusema ni mimi. Wala hakusema si mimi. Bibi alifariki zimebaki siku tisa eda yake iishe. Watu wakanifariji, kila nafsi na siku yake, nami naamini hivyo. Siku ni ya Mwenyezi Mungu, lakini saruji niliikoroga mimi.

Basi, mwanangu, tulifunzwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli. Ila hakuna aliyenifunza kwamba si kila tundu ni ufa. Kifungueni kidirisha chenu. Kama mnaogopa macho, wekeni vile vioo vya kulaza, upepo upite na jicho libaki nje. Ukimaliza kuoga uache mlango wazi, upanguse kuta kwa kitambaa kikavu, ni kazi isiyozidi kuchemka kwa chai. Nguo mbichi zipeleke uani. Na weusi ukitokea usiupake rangi, mficha maradhi kifo humuumbua, na ukuta nao ni hivyohivyo. Usugue, uuoshe, uuache ukauke kabisa, ndipo ufikirie urembo. Udi choma kwa furaha zako, usichome kwa kuficha harufu.

Kubwa kuliko hayo yote, unayempenda muulize. Usimtendee hisani itakayombidi kuivumilia. Na wewe ukitendewa ya namna hiyo, sema, hata kama aliyekutendea ni mtoto na macho yake yanang'aa. Bibi alinihurumia, na huruma ile inaniunguza hadi leo kuliko maneno ya Bi Riziki.

Mola akupe nyumba inayopitisha upepo, na ulimi unaosema mapema. Awajaalie wazee wako wapumue vizuri mpaka ukomo wa umri wao, na majuto yasiujue mlango wako. Amina.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Hitima ilipokwisha na wageni wakatawanyika, niliingia chumbani mwa bibi nikaliburuta godoro lake mpaka uani. Upande uliokuwa unagusa ukuta ulikuwa mzito kwa maji. Hakukuwa na wa kulilalia tena. Nikaliegemeza penye jua, nikakaa kando yake nikifukuza kuku, na upande mmoja ulipokauka nikaligeuza.